Kanini Aliacha Mechi Akiwa Anashinda

S.L.P. 114,
Nunguni, Kilungu.
Jumamosi, 8 Machi 2025.

Mpendwa Nthiwa, mwana wa mwaitu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Uko namna gani na baridi ya Hungaria, huko Debrecen? Mgongo umeacha kukusumbua? Na wifi yangu Ildiko, kile kifua kimepona kabisa au bado anakohoa akipanda ngazi? Sisi huku tuko wazima, ila mvua inatuchezea. Asubuhi mawingu yanakaa juu ya kilima, tunakimbia kuanua nguo na kuingiza mahindi ndani, halafu jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki nzima tumekuwa watu wa kuingia na kutoka.

Usishangae kuona karatasi. Nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwa simu. Nimeona afadhali hivyo, kwa sababu tukiongea utaniingilia kabla sijafika mahali penyewe. Nilikubeba mgongoni, nakujua. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Neno la kwanza ni la kuomba msamaha. Nilikudanganya. Mkono wa binti yako haukuumia.

Uliponiambia niende Nairobi nikamwone akicheza, niliondoka na kikapu cha avokado kama mtu anayemtembelea mtoto wa bweni. Sikuwa nimewahi kuona tenisi kwa macho yangu. Mechi ile ya Jumatano ya wiki iliyopita, alipopata pointi ya kwanza nilipiga vigelegele, na yule mwamuzi wa kwenye kiti kirefu akanigeukia akaniomba ninyamaze. Kanini aliinamisha kichwa, lakini niliona mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alishinda siku hiyo. Nilipomtazama akikimbia kwenye ule udongo mwekundu, na ile miguu mirefu ya mama yetu, ambaye Kanini amebeba jina lake, nilimwita "mwaitu" kwa sauti bila kujua, kama ninayemwita mama mwenyewe.

Alhamisi alicheza na msichana wa Serbia. Seti ya kwanza alimshinda sita kwa mbili. Ya pili alikuwa mbele nne kwa moja, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba yule wa Serbia amekwisha, anaangalia tu saa ya kwenda nyumbani. Wakapumzika kidogo ili wabadilishane upande. Kanini akaketi, akajifunika kichwa kwa taulo. Alipoinuka hakwenda mahali pake. Alitembea mpaka kwenye wavu, akanyoosha mkono kumpa mwenzake, na mwenzake akabaki anamtazama bila kuelewa. Mwamuzi akashuka. Daktari akaja na mkoba wake. Kanini akaonyesha kifundo cha mkono.

Aliponifikia akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata, "Shangazi, twende nyumbani kwako."

Hatukuwa tumefika getini ulipopiga simu. Ulikuwa umeona kwenye simu kwamba mechi imekatika. Nilimtazama, akatikisa kichwa, akanong'ona, "Sema ni mkono." Nami mzee wa kanisa, mwalimu wa miaka thelathini na moja, nikasema ni mkono. Ukaniagiza nitafute barafu tukifika nyumbani. Huku Kilungu, Nthiwa, barafu! Nilikuitikia tu.

Alipofika hapa aliingiza mkoba wa raketi stoo, nyuma ya magunia, akatoka akanawa mikono. Nilidhani atalala siku mbili. Hakulala. Hakukaa hata kidogo. Anashuka mtoni na kurudi kabla chai haijachemka. Anaosha vyombo ambavyo vimeoshwa. Anaomba jembe, analima mistari miwili, analiacha, anatoka nje ya boma, anasimama njiani kama anayemngojea mtu. Ukituma ujumbe, anageuza simu uso chini. Nami nikaambukizwa. Nikawa nasahau sufuria motoni, naenda stoo na kusimama mlangoni nikijiuliza nimefuata nini.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachagua avokado za soko la Mukuyuni, laini huku, ngumu huku. Ndipo akasema bila kuniangalia.

"Shangazi, nilikosa pumzi."

Nikamwuliza kama ni vumbi.

"Hapana. Niliona nitashinda. Nikafikiri, nikishinda, kesho kuna mwingine. Nikimshinda huyo, kesho kutwa mwingine. Na siku nikishindwa, Baba hataongea."

"Hataongea vipi?"

Akaweka chini avokado aliyoshika. Akanieleza safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Budapest, alipokuwa na miaka kumi na sita, ametolewa raundi ya kwanza huko Uturuki. Saa mbili na nusu barabarani, wewe unaendesha, redio imezimwa, hukusema neno. Mlipofika nyumbani ulimwambia mama yake, "Mwambie chakula kiko mezani." Akasema imekuwa hivyo kila mara. Siku moja, siku mbili, mara moja siku nne. Halafu unarudi na daftari lako na mazoezi mapya, kana kwamba hukuwa umeondoka.

Nthiwa, hapo nilikukumbuka wewe. Sina haja ya kukukumbusha mwaka ule ulipokosa nafasi katika shule aliyoitaka baba yetu. Mwezi mzima mzee alikuwa anamtuma mama akuambie ule, akuambie ulale, akuambie ng'ombe hawajanyweshwa, na wewe umekaa pale pale mbele yake. Ulizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Uliniambia ni heri angekupiga. Najua hukukusudia. Najua uliacha kazi ya ghala, ukasoma vitabu vya watu ukajifunza kufundisha mchezo ambao hapa kwetu hakuna anayeujua. Umemtoa mtoto kwenye ukuta wa nyuma ya karakana mpaka akawa wa mia sita na kitu duniani, na bado hajafika miaka ishirini. Nani mwingine kutoka Kilungu amefanya hivyo? Lakini ile mechi hakuacha kwa sababu ya yule wa Serbia.

Nimesimama kidogo nikazunguka boma. Naendelea.

Jumapili tulienda kanisani. Katikati ya mahubiri, Kanini alikuwa na simu chini ya Biblia, nami nilijifanya sioni. Ghafla alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Benchi tatu za mbele ziligeuka. Ndila wa kwaya akadhani ameguswa na neno, akaanza kusema amina. Kanini akainuka akatoka. Nikamfuata.

Nilimkuta anakwenda huku na huku kwenye maegesho, uso umemwiva. Akanionyesha simu. Yule wa Serbia alikuwa amechukua kombe.

"Nilikuwa namshinda huyu! Shangazi, uliniona. Nilikuwa namshinda!"

"Nilikuona."

"Hajui kucheza mpira wa juu! Hata kidogo hajui!"

Akalisema tena kwa Kihungaria, na maneno mengine ambayo nashukuru Mungu siyajui, maana tulikuwa kwenye kiwanja cha kanisa. Kisha akaondoka kwa miguu bila kuningoja. Nilipofika nyumbani nilisikia mlio tangu barabarani. Magunia yamesukumwa, mkoba uko wazi barazani, na yeye anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo mpaka plasta inadondoka. Alipiga hadi nguo yote ikalowa. Nilileta kiti nikakaa. Alipochoka alikuja akaketi chini karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu aje, akakaa.

"Ninataka kucheza," akasema. "Lakini simtaki kocha. Ninamtaka Baba."

Siku zilizofuata alijaribu kukuambia mwenyewe. Jumatatu nilikuwa karibu alipokupigia. Ulianza na mkono, ukaenda kwenye droo ya mashindano ya Tunisia, nani atapangiwa nani, ukaenda kwenye mguu wake wa kushoto unavyochelewa, ukamaliza. Akasema "sawa Baba" mara sita, nilihesabu. Kisha akanipa kazi hii ya kukuandikia. Juzi Alhamisi aliondoka kwenda Monastir, kule Tunisia. Yuko na msichana wa Szeged, Mhungaria mwenzake ambaye wanacheza pamoja wawili wawili, na kocha wa yule msichana, mama mmoja, amekubali kuwaangalia wote wawili kwa msimu huu ukiridhia. Nasikia umekata tiketi kumfuata Ijumaa ijayo. Neno lake ni hili: uje, lakini uje bila daftari. Kama huwezi kuliacha, basi ubaki nyumbani kwanza.

Jumanne, 11 Machi.

Nilikuwa nimemaliza hapo, nikashindwa kukutumia. Siku tatu nimekuwa nachukua karatasi hizi na kuzirudisha kwenye kabati. Nilijiambia, ngoja acheze kwanza. Akishinda, utaisoma ukiwa na furaha, itakuwa rahisi kwetu sote. Unaona? Hata mimi nimeanza kupanga mapenzi kwa matokeo.

Leo amecheza. Binti yangu Mutanu amenifundisha kufuata namba kwenye simu, nikawa nazifuata nikiwa nimesimama shambani, jembe begani, mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba. Ameshindwa, seti tatu, ya mwisho saba kwa tano. Umeona kabla yangu, bila shaka. Lakini hakuiacha njiani, Nthiwa. Alicheza mpaka mpira wa mwisho.

Nilimpigia baada ya nusu saa. Sikujua niseme nini, nikamwuliza, "Mwaitu, umekula?" Akalia. Akalia sana, kisha akasema amekula wali na samaki, na samaki alikuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Tukaongea hivyo hivyo, habari za paka wa hotelini, habari za plasta yangu. Tenisi haikutajwa. Mwishoni akauliza, "Baba amekupigia?" Nikasema bado. Akasema, "Mimi pia bado."

Kwa hiyo natuma sasa, kabla sijapoa. Najua uko hapo mezani, simu imelala mbele yako, na unazunguka. Hasira zako zielekeze kwangu, mimi nina kifua cha kuzipokea. Yeye mpigie leo. Usingoje kesho uwe umetulia. Kama huna neno, mwulize kuhusu samaki.

Mutanu anakusalimu, na mjomba Mulei anasema hajasahau kwamba ulimwahidi kuja Desemba. Nisalimie Ildiko, mkumbatie kwa niaba yangu, na mwanao Ben mwambie shangazi anataka picha yake akiwa na ndevu. Mungu aliyekuvusha bahari akulegeze ulimi, na nyumba yako isikose sauti za watu.

Mimi dada yako, niliyekupenda kabla hujajua kutembea,

Mwongeli.