Kitufe cha Toka Kimemchafua Hilari

Mshauri Asnath, pokea salamu za msomaji wa gazeti lenu kutoka Mkumbi, Mbinga. Nakuandikia nikiwa mgonjwa lakini mwenye furaha, kwa sababu nimelikamata kosa lililonishinda msimu mzima, ila nahitaji msaada wako upesi, maana moyo wangu umechoka na daktari hakunificha.

Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, ndipo nikajifunza kutengeneza mifumo ya kompyuta, na kikundi chetu cha kahawa kikaniomba mfumo wa kupanga zamu za mtambo wa kumenya matunda ya kahawa, ili watu waache kugombea foleni. Kishikwambi kimoja kimefungwa pale mtamboni, unaingia kwa namba yako ya siri, unachagua siku, basi. Mwanzoni mfumo ulikuwa ukimtoa mtu akikaa kidogo bila kugusa, na wazee wenzangu wanaoandika kwa kidole kimoja wakalalamika kwamba nawafukuza, nikaona haya, nikaongeza muda wa sesheni, yaani ule muda ambao mfumo unaendelea kukutambua, ukawa mwaka mzima. Nilijiambia kila mtu atabonyeza "Toka" akimaliza.

Mwezi wa saba Hilari, aliyekuwa msimamizi wa mtambo, alileta matunda yake mekundu akakuta zamu yake imefutwa na mtambo una mtu mwingine, matunda yakachacha kwenye magunia. Akaapa kwamba hakufuta. Nikafungua kumbukumbu za mfumo mbele ya mkutano, zikaonyesha aliyefuta ni Hilari mwenyewe, nikamwambia, "Kompyuta haidanganyi, Hilari. Ulikuwa umekunywa." Watu wakacheka, wakamvua usimamizi wa mtambo, na tangu hapo akipita barabarani wanamuuliza leo amejifutia nini. Kwangu hafiki tena.

Wiki hii nilijikokota hadi mtamboni kupanga zamu yetu, nikagusa kioo, kikaniandikia "Karibu, Edina." Mimi na mvi zangu, Edina. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Edina mwenyewe, mwanakikundi mwenzetu, alikuwa ndiyo kwanza anaondoka, nikamwita, nikamuuliza kwa nini hakubonyeza Toka, akanijibu taratibu, "Mwalimu, toka tunawaambia mbwa. Sasa mimi nijiambie mwenyewe?" Nikauliza wengine, hakuna aliyewahi kukigusa kile kitufe. Kwa hiyo siku ile mtu alikuta ukurasa wa Hilari uko wazi, akadhani ni wake, akafuta zamu akiamini anafuta yake. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, nikafungua seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, nikakuta sesheni zimerundikana, zote hai, hata ya marehemu Bernadi tuliyemzika kule Mapera. Nikazifuta zote kwa mkupuo asubuhi ya kazi, na waliokuwa katikati ya kupanga wakapoteza kila kitu, wakanipigia simu na kunisema vibaya, nami nawasikiliza huku natabasamu, maana sasa najua.

Sasa nirekebisheje bila kuwafukuza wazee? Na je, niseme? Mke wangu Lidia ananiambia, "Rekebisha kimya kimya, Mwalimu, uzikwe na heshima yako." Nami naogopa kikundi kikijua kitautupa mfumo, turudi kwenye ngumi.

Mwalimu Clemence, Mkumbi

Asnath anajibu: Shikamoo, Mwalimu. Nimecheka na Edina, kisha nimekukasirikia, na utanisamehe kwa kuwa ni mdogo kwako.

Wazee hawana kosa. Umeweka neno la kufukuzia kwenye kifaa cha watu wote, ukategemea litawalinda. Liondoe, andika "Nimemaliza." Tena mtu akishathibitisha zamu, mfumo uifunge sesheni hapo hapo bila kumwomba abonyeze chochote.

Muda urudishe kwenye dakika chache, ila uhesabiwe tangu mguso wa mwisho, na kila herufi ya yule wa kidole kimoja iwe ni mguso. Kabla haujaisha, kioo kimuulize kama bado yupo. Alichoandika kihifadhiwe kwenye akaunti yake, si kwenye kishikwambi, la sivyo atakayefuata atakikuta. Hesabu hiyo ifanywe na seva, kwa sababu ukurasa unaweza kuonekana umefungwa na sesheni ikaendelea kuishi. Na kufuta zamu kudai namba ya siri upya, kila mara.

Kusafisha kwa mkupuo acha. Panga kazi inayojiendesha, ifute zilizopitwa na muda tu, na seva izikatae hizo hata kabla hazijafutwa. Nywila za seva mpe mwanakikundi anayeweza kujifunza, umwelekeze ungali na nguvu za kusema.

Sasa Hilari, na hapa upole umeniishia. Kumbukumbu zako zilisema sesheni ya Hilari imefuta zamu. Hayo tu. Pombe umeiongeza wewe, na watu waliiamini kwa sababu aliyesema ni Mwalimu. Mama Lidia anakutakia mema, lakini heshima anayotaka uzikwe nayo umeichukua kwa mwenzako, naye bado anaishi bila hiyo. Kuhusu mfumo kutupwa, watu huutupa ule wasiouelewa. Waeleze kosa na dawa yake, wataendelea nao.

Usisubiri umalize kurekebisha. Nenda kwa Hilari kwanza, mwombe radhi nyumbani kwake, halafu omba mkutano uitishwe na umsafishe mbele ya wote waliocheka, ukidai arudishiwe usimamizi wake. Miguu ikikataa, wakutane uani kwako. Ukiwa unasoma haya na bado hujaenda, liweke gazeti chini, Mwalimu, uvae viatu.