Ukurasa wa Balozi

Jumatatu, 7 Mei 1979

Kisomo tena. Chaki imebaki nusu, nimeivunja ili niwe na chaki mbili. Kina mama wametoka shamba la kijiji wamechoka, wawili wamesinzia kabla sijafika kwenye "ma". Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa nimelala, ila nilikuwa nimesimama.

Nikapita ofisi ya kijiji kurudisha rejista. Ukutani tangazo jipya. Ofisi moja ya serikali Biharamulo inataka karani wa mafao. Kazi yake kuchambua madai ya wafanyakazi na familia zao: pensheni, kiinua mgongo, fidia ya waliofia vitani. Elimu kidato cha nne. Nimesoma mara tatu. Kidato cha nne ninacho. Mwaka wa pili sasa cheti kimelala kwenye sanduku la mama, kinanukia sabuni, wakati sabuni yenyewe hatujaiona tangu Januari.

Naitaka kazi hii. Naandika wazi ili nikiikosa nisije nikajidanganya kwamba sikuitaka.

Jumanne, 8 Mei

Barua ya maombi tayari. Mwalimu mkuu alinipa karatasi moja tu ya mistari, akasema nisikosee. Sikukosea.

Baba aliuliza mafao ni kitu gani. Nikamweleza: mtu akistaafu kazini au akifa kuna haki yake, au ya watoto wake, na lazima akae mtu aangalie nani anastahili. Baba akafikiri. Akasema kumbe ni kazi ya kugawa nyama, na mgawa nyama hapendwi na mtu. Mama akacheka. Mimi sijali kupendwa. Kisu kiko tayari.

Wanataka pia barua ya utambulisho ya kijiji. Katibu wetu ni mgeni, ametokea Geita, hana hata miezi mitatu hapa Kibimba, Ngara. Aliniuliza jina, akaniuliza la baba, akaandika papo hapo, akagonga muhuri. Nikaitia kwenye bahasha bila kuisoma. Furaha ilinipofusha.

Ijumaa, 18 Mei

Kimya. Leo darasani nimemwandikia bibi mmoja jina lake ubaoni, kumbe nimeandika "mafao". Akalinakili vizuri sana.

Alhamisi, 24 Mei

Naitwa kwenye usaili. Wito umekuja kwa sanduku la barua la shule, mwalimu mkuu kaniletea mwenyewe mpaka shambani. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Nimeshindwa kula, mimi ambaye sijawahi kushindwa kula.

Jumatano, 30 Mei

Biharamulo. Nimefika.

Jana nilipanda lori la maharage hadi Nyakahura, nikalala kwa mama mdogo. Asubuhi kulikuwa na gulio. Ng'ombe, ndizi, chumvi inauzwa kwa kijiko. Lori la pili lilitaka kuniacha, nikang'ang'ania ubao wa nyuma mpaka utingo akanivuta juu kwa kuona aibu. Gauni limeingia vumbi. Viatu nilivibeba mkononi safari nzima, hivyo viatu ndivyo pekee vilivyo safi.

Kesho.

Alhamisi, 31 Mei

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Tuliitwa wawili. Mwenzangu ni kijana wa kidato cha sita kutoka Bukoba, ana mkoba wa ngozi na kalamu mbili. Nilimchukia kabla hajanisalimu. Akanisalimu vizuri. Nikamchukia zaidi.

Msimamizi ni Bwana Abeid, mzee wa hapa mjini, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Shikamoo, marahaba, kaa. Akaweka cheti changu huku na barua ya kijiji kule. Cheti: Edisa Bamenya. Barua: Edisa binti Simoni Gwasa. Akaniuliza nimeleta karatasi za watu wangapi. Nikasema zote zangu. Akasema, "Binti, karani wa mafao kazi yake ya kwanza ni majina. Wewe la kwako limekushinda." Akaniambia nisubiri nje, amwite mwenzangu.

Nikakaa kwenye benchi. Hasira, aibu, hasira tena. Katibu wa Geita alifuata desturi ya kwao, mtoto abebe jina la baba. Mimi nilikuwa na siku ishirini na tatu za kuikumbuka barua ile nikazitumia kuota.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Murukulazo, wilaya yetu. Mumewe alikuwa dereva wa ofisi hiihii, lori likapinduka akipeleka chakula kwa wanajeshi, akafa. Hii ni mara yake ya nne kuja. Kila mara anaambiwa watoto si wa marehemu. Nikamuuliza wanaitwaje. Bukuru na Butoyi.

Kwetu Ngara hata kuku wanajua hayo ni majina ya mapacha. Kulwa, aliyetangulia kutoka, kwetu ni Bukuru; Doto ni Butoyi. Na kila mtoto ana jina lake mwenyewe, la baba halibebi. Mimi ni Bamenya, baba ni Gwasa, kaka yangu ana lake, na tumezaliwa nyumba moja. Mama yule akanionyesha karatasi aliyorudishiwa. Karani wa mafao aliyeondoka kaandika kwa penseli nyekundu: "Watoto wawili, baba wawili tofauti. Udanganyifu." Watoto waliozaliwa asubuhi moja.

Nikaingia bila kuitwa, yule kijana yuko katikati ya sentensi. Nikamwomba Bwana Abeid radhi, kisha nikasema yote bila kuvuta pumzi. Kwamba jina langu halikunishinda, ni utaratibu wa ofisi ulioshindwa na Ngara. Nikajisikia nikisema hivyo na nikajua nimekwisha.

Bwana Abeid akafungua kabati, akatoa furushi la faili limefungwa kamba ya katani. "Hizi zote zimekataliwa kwa majina," akasema. "Chukua meza ile. Kesho jioni uniambie wakweli ni wepi, na umejuaje. Maana ukisema wote ni wakweli, sikuhitaji."

Ijumaa, 1 Juni

Faili kumi na nane. Nimezipenda zote. Hili sitamwambia mtu.

Swali lake ndilo gumu: umejuaje? Kujua desturi hakutoshi, kesho akija karani wa Mtwara atajuaje? Nikahangaika mpaka saa nne. Halafu nikakumbuka daftari la balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi haandiki ukoo. Anaandika nyumba. Nyumba ya tatu, mwenye nyumba fulani, mkewe fulani, watoto fulani na fulani. Analiandika kwa ajili ya mgao wa sukari, na kwenye sukari hakuna anayejiongezea mtoto wa uongo, jirani akanyamaza. Kwa hiyo kila mdai alete nakala ya ukurasa wa balozi wake, imesainiwa na jirani wawili. Basi.

Nikapanga. Kumi na nne zinaweza kupona kwa ukurasa wa balozi. Tatu hazina maelezo ya kutosha, nimeandika cha kuuliza. Moja ni uongo mtupu: bwana kaorodhesha watoto wa kaka yake, na kaka mwenyewe yuko hai, anafanya kazi Rulenge, tena kasaini kama shahidi. Bwana huyo anatoka kijiji jirani na chetu. Nimemfahamu. Nimemkataa hivyohivyo. Baba alisema kweli kuhusu nyama.

Bwana Abeid alisoma, akachezea miwani. Akasema majibu yatapitia serikali ya kijiji, ndio utaratibu. Kijana wa Bukoba alinisindikiza hadi barabarani, akasema yeye asingejua Butoyi ni nani. Nimemsamehe mkoba.

Alhamisi, 14 Juni

Hakuna kitu. Ng'ombe wa maskini hazai.

Alhamisi, 21 Juni

Bado. Nimemuuliza katibu mara tatu kama kuna barua ya Edisa. Hakuna. Mama amerudisha cheti sandukuni. Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 23 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwishoni katibu akasimama na bahasha. Akasema ina siku tisa mezani kwake, ametafuta kwenye vitabu vyote, anataka kuirudisha Biharamulo. "Kuna mtu hapa anaitwa Ndugu E. Bamenya?"

Mkutano mzima ukanigeukia. Baba akaanza kucheka, akashindwa kuacha, ikabidi ashikwe. Maskini katibu, yeye alimjua Edisa Gwasa; huyu Bamenya alidhani ni mwanamume.

Nimepata. Karani wa mafao, niripoti Jumatatu tarehe 25, nikichelewa nafasi apewe mwingine. Kesho kutwa. Kutoka hapa. Mafuta hayapo, malori hayapo, na mimi nataka kuruka. Nilikwenda kwa balozi kwanza, jambo moja tu, kisha nikafunga sanduku.

Jumapili, 24 Juni

Tuliondoka na baba alfajiri kwa miguu hadi barabara kuu, sanduku kichwani kwake, hakutaka kunipa. Saa saba likapita lori la mbao. Dereva alisema limejaa. Baba akamwambia abiria ni karani wa mafao, siku moja atalishika faili la dereva mwenyewe. Nafasi ikapatikana.

Jumatatu, 25 Juni

Nimeripoti saa moja na nusu, mlango bado umefungwa.

Meza ile ile. Penseli nyekundu nimeikuta kwenye mtoto wa meza, nimeiacha humo. Faili la kwanza lilikuwa la mama wa Murukulazo, ukurasa wa balozi umeshaletwa, jirani wawili wamesaini, mmoja kwa dole gumba. Bukuru, mtoto. Butoyi, mtoto. Nimepeleka kwa Bwana Abeid, akasaini.

Mchana wakanipa fomu yangu mwenyewe ya mwajiriwa mpya. Nikifa, mafao apewe nani. Nimeandika jina la baba na jina la mama, hakuna linalofanana na langu. Nyuma nimebana ukurasa wa balozi wetu, nyumba ya sita.