Kona Nne za Uwanja

6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limetulia. Mimi sina ugonjwa, ila mikono imejaa grisi kama kawaida ya fundi baiskeli.

Nakuandikia kwa sababu najua mambo ya kazi huyasikilizi kwenye simu. Chama chetu cha polo ya baiskeli kimenichagua katibu, na mwaka huu tunaandaa mashindano ya taifa: mizunguko minne, miji minne, kuanzia Machi hadi Juni. Tumejaribu miaka miwili tukashindwa. Safari hii sitakubali kushindwa.

Ulipouliza mchezo wenyewe ukoje nilicheka, nisamehe. Ni watu watatu kwa watatu, kila mmoja juu ya baiskeli, wanapiga mpira mdogo kwa nyundo ndefu. Mguu wako ukigusa chini, huchezi tena mpaka uende katikati ya uwanja ukagonge kengele. Refa hakuna. Unajiona mwenyewe, unakwenda mwenyewe.

Tunachokosa ni ukuta wa mbao wa kuzungushia uwanja, unaofika magotini, wa vipande vinavyofunguka ili usafiri nasi kwa lori. Hakuna ninayemwamini isipokuwa wewe. Nimeambatanisha mchoro. Tafadhali angalia kona: kila moja imekatwa mshazari, mita moja kila upande.

Binti yako.


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linamsumbua anapoombwa kufanya kazi, halimsumbui anapokwenda kwa jirani.

Nimekubali. Mbao ninazo, zile nilizozitoa kwenye paa la shule lilipobomolewa. Zimekauka vizuri kuliko zozote utakazozipata leo. Sina la kusema juu ya watu wazima wanaofukuzia mpira kwa baiskeli, wala juu ya nyundo isiyopigilia hata msumari mmoja.

Mchoro wako nimeusahihisha. Ulizichora kona kama mtu aliyekuwa akisinzia. Nilikufundisha kushika skwea ya kupimia kona kabla hujajua kusoma, na hivi ndivyo unavyonilipa? Kona zitakuwa za nyuzi tisini. Miaka arobaini nimefanya kazi hii na hakuna kona iliyotoka kwenye karakana yangu ikiwa imepinda.

Lori litafika siku moja kabla ya mchezo. Hesabu skrubu zote mbele ya dereva.

Baba yako.


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Poleni na joto, na pole ya goti kwa Mama.

Ukuta ulifika, na kila aliyeupapasa aliuliza fundi ni nani. Lakini Baba, kona zilifika mraba, na jioni ile hapakuwa na muda wa kufanya lolote. Tulicheza hivyo hivyo.

Mpira ukiingia kwenye kona ya mraba, hautoki. Wachezaji wanaufuata, magurudumu yananasa, na baiskeli haina pa kugeukia. Mchana, watu wanne walibanana kwenye kona moja. Mmoja wao ni mwoka mikate tunayemwita Breki, kwa kuwa hajawahi kuzifunga. Alivunjika mfupa wa bega. Alipokuwa akipelekwa hospitali bado alikuwa akipiga kelele, "Kona hii imejengwa na adui gani?"

Timu tatu zimesema wazi kwamba kona zisipokatwa hazitakuja kwenye mzunguko wa pili. Zikiondoka hizo tutabaki na timu tano, na mashindano ya taifa hayawi ya taifa tena. Mzunguko ni tarehe 13 Aprili. Naomba ruhusa yako nikate.

Binti yako.


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, maana hujanijibu. Nilipopiga simu Mama alisema upo karakana, na nyuma yake nikakusikia ukikohoa.

Sitaomba tena. Kazi ni yako, lakini bega lililovunjika ni la mwenzangu, na mimi ndiye niliyemwalika. Jumamosi hii nitakata kona zote nne. Nitatumia msumeno ulionipa nilipomaliza shule, ili usiseme nimeharibu mbao zako kwa chombo cha hovyo.

Mchoro wangu haukuwa na kosa, Baba. Ungeniuliza tu.

Binti yako.


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni njema, isipokuwa malengelenge ya kushika msumeno siku nzima.

Nilifupisha vipande vinane, kisha masalio nikayaunga kuziba mshazari. Nilipokata ubao wa kwanza nililia kidogo, nikafuta macho, nikakata wa pili. Timu zote nane zilikuja. Hakuna aliyeumia. Breki alikuja na bega limefungwa, akakaa karibu na kengele, akawa anamzomea kila aliyekanyaga chini mpaka aende kuigonga.

Mzunguko wa tatu ni tarehe 18 Mei. Wa nne na wa mwisho ni hapo nyumbani, tarehe 15 Juni, kwenye uwanja wa saruji ulio nyuma ya soko. Niliupanga huko kabla hatujakwaruzana, na sitauhamisha. Utakuwa mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwako. Ukitaka kukaa ndani siku nzima, ni hiari yako.

Binti yako.


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba za barua zote ambazo sikuzijibu. Mama yako ni mzima na ndiye aliyeniletea karatasi hii, akaiweka juu ya mbao niliyokuwa nikiipiga randa, akakataa kuondoka.

Tarehe 18 Mei nilipanda basi la alfajiri. Nilikaa safu ya nyuma nimevaa kofia ya jirani. Nilitazama michezo yote. Kiungo cha kona yako ya pili kina mwanya unaopitisha kidole, na skrubu mbili umezipinda. Mengine umeyafanya sawasawa.

Niliporudi nilisimamisha kona ya mraba uani, kama zile nilizokutengenezea. Nikachukua baiskeli ya kubebea mbao, na mpira wa mtoto wa jirani, na mpini wa jembe. Nikauingiza mpira konani, nikaufuata. Gurudumu lilinasa. Nikakanyaga chini. Nikajaribu tena, nikakanyaga tena. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni akihesabu kwa sauti kila nilipokanyaga. Alifika kumi na moja ndipo nikashuka.

Kwa hiyo nimetengeneza kona mpya. Nimetumia plaiwudi nyembamba, nimeilowesha siku mbili, nikaikunja polepole mpaka ikakubali kuwa duara. Hazina pembe hata kidogo. Mpira unaingia na kutoka wenyewe. Ziko nne, tayari, na nitazileta mwenyewe kwa mkokoteni.

Mwambie yule mwoka mikate kwamba adui aliyeijenga ile kona atakuja kumpa pole.

Jumamosi ya tarehe 15, kabla timu hazijaingia uwanjani, nitakwenda katikati nigonge kengele mara kumi na moja. Wewe endelea na kazi yako. Usije kunishika mkono, wala usimweleze mtu sababu. Wanaocheza wataelewa.

Baba yako.