Jina la Baba Chini ya Maandishi Yako

Karatu, Jumapili, 14 Juni 2009

Mpendwa dada,

Nimeapa kwamba leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama amenikataza. Kitu kimoja tu sitakiandika, nacho ni majina yetu. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Barua hii sikuipeleka posta kwa sababu sijui unakaa wapi. Naiandika humu humu kwenye blogu yako, upande wa yale yasiyochapishwa, ambako hafiki mtu asiye na neno la siri. Neno hilo ulinipa mwenyewe, Jumamosi moja kwenye ofisi yenu ya utalii, wageni wote wakiwa wameshuka kreta na wewe umebaki kupokea simu. Ulinikalisha kwenye kiti chako cha kuzunguka ukanifundisha kuchapa. "Usibonyeze kama unatwanga mahindi," uliniambia. "Gusa tu." Nilicheka mpaka vidole vikapotea.

Siku hiyo ulinisomea kile ulichoandika kuhusu wapuliza dawa wa shamba la kahawa kule Oldeani, tulikozaliwa. Uliandika kwamba wanabeba bomba mgongoni bila glavu wala kitu cha kuziba pua, na jioni wanachotea maji ndoo ile ile waliyochanganyia dawa. Uliandika kwamba Baba ndiye nyapara wao, na kwamba ameomba glavu mpaka amechoka. Yote yalikuwa kweli. Tuliyaona kila asubuhi tukienda shule, tumeziba pua kwa kola za sweta.

Dereva mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu akinywa soda. "Dada, weka jina la kubuni bwana. Wenzako huko wanajiita Mwewe, sijui Simba Mtoto. Wewe unaweka mpaka la babu?"

Ukamjibu bila kugeuka: "Kazi isiyo na jina haisahihishwi."

Tulicheka wewe na mimi tu, maana yeye hakumjua mwalimu wetu wa darasa la nne, aliyekuwa akitupa kapuni kila daftari lisilo na jina. Ukaandika majina matatu, kama kwenye karatasi ya mtihani: lako, la Baba, la Babu. Ukaweka na picha yako umesimama kwenye mibuni, umefunga kile kitambaa cha Mama.

Nimefikiri sana kwa nini hukuogopa. Nadhani ni kwa sababu ya ukungu. Unakumbuka ukungu wa Juni kule shambani, unanyoosha mkono huoni vidole? Mlinzi alikuwa na mbwa wawili, na Baba alitufundisha: mkisikia mbwa, msikimbie, simameni mtaje jina langu. Tulisimama tumeshikana mikono tukipiga kelele, "Sisi wa nyapara! Sisi wa..." na jina lake. Mlinzi anapiga mluzi, mbwa wanarudi. Hata asubuhi ile tembo walipotoka msituni wakavunja uzio, Baba aliingia ukunguni akigonga debe na kutaja jina lake kwa sauti, ili watu wajue aliye mbele ni nani. Tulikua tukijua kwamba jina lile linafukuza mbwa. Ulipoliweka kule, uliliweka kama tulivyozoea kulisema. Kumbe kati ya majina yale matatu, lako lilikuwa moja tu.

Meneja alipomwita Baba, alikuwa na karatasi mezani, maandishi yako yamechapwa. Baba alirudi nyumbani akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akamwambia Mama alifue lirudishwe. Hakusema lingine. Wewe ulikuwa mlangoni. Ulisema, "Baba, mimi..." naye akakuambia, "Kula kwanza, mama." Alikuita mama, kama siku zote.

Baada ya hapo ndipo kambi nzima ya wafanyakazi ilipotuweka kando. Hakuna aliyekuja kuomba moto. Hakuna aliyekubali maji yetu. Wapuliza dawa wale wale uliowaandikia walipinda njia walipokuona, wakiogopa kufukuzwa kama Baba. Bibi alipokuja kutoka Rhotia alituuliza nani amekufa, kwa sababu kwetu Wairaqw ni nyumba iliyoguswa na kifo inayokaa hivyo, bila kuingiliwa na mtu, mpaka muda wake uishe; ndiyo metimani. Mama akamjibu, "Hajafa mtu. Na metimani ina mwisho wake, mama. Hii yetu nani anaujua mwisho wake?"

Kisha yakaanza yale maoni chini ya maandishi yako, yasiyo na jina. "Tunajua kwenu." "Mwambie mdogo wako asipite njia ya bwawani." Nilikuwa napita njia ya bwawani, dada. Sikukuambia kwamba nilikuona unalia, kwa kuwa na wewe hukuniambia umeyasoma.

Uliondoka na lori la vitunguu lililotoka Mang'ola. Mama hakuweza kutoka nje. Mimi nilishika begi lako, na Baba akapanda kwenye tairi, akaweka mdomo karibu na sikio lako akasema neno. Injini ilikuwa inaunguruma, sikusikia. Nilikuona tu unaitikia kwa kichwa mara nyingi. Tangu hapo ulipiga simu mara moja, kwa yule mama wa duka, kusema umefika. Hukusema umefika wapi. Namba ile haikupatikana tena.

Sasa tunaishi Karatu mjini, chumba cha uani. Ukuta wa upande wa kitanda una unyevu na Mama anakohoa. Baba anabeba matofali kwa wanaojenga hoteli. Mimi niko kidato cha nne, na kila fomu ya mtihani inataka majina matatu. Juzi nilipeleka insha bila jina. Mwalimu aliinyanyua juu darasani: "Hii nzuri ni ya nani? Mwenye nayo anaogopa nini?" Sikunyoosha mkono, ikabaki mezani kwake. Dada, ilikuwa insha ya msimu wa mvua tu.

Wakati mwingine kwenye kafe ya intaneti naandika jina la Baba nione kama limesahaulika. Halisahauliki. Unatokea wewe, umesimama kwenye mibuni, unacheka. Nywele zako hazikui. Kitambaa hakichakai. Naiogopa picha hiyo, na haipiti wiki bila mimi kuitazama.

Wiki iliyopita karani wa shamba alikuja. Mama alimtazama mlangoni akasema, "Tulipokuwa jirani yako hukuvuka hata ua wetu. Leo umepotea njia?"

"Mama, yale yamepita," karani akasema. "Mzee, kazi yako ipo. Na nyumba ile ile. Msimu unaanza mwezi ujao. Kile kitu cha binti kikishatoka kwenye intaneti, unarudi."

"Mimi kompyuta sijaigusa tangu nizaliwe," Baba akajibu. "Nitakitoaje?"

Karani akanitazama mimi. "Huyu si anasoma? Atajua."

Najua. Ni kubonyeza mara moja. Baba hakuniuliza kama ninaweza. Kesho yake alivaa shati la kanisani akaniambia nimpeleke akasikie chenyewe. Pale kafe alivua kofia mbele ya kompyuta, akasimama. Kijana wa zamu akamwambia, "Kaa tu mzee, haing'ati."

"Siiogopi. Nasubiri ianze kusema."

Nilimsomea polepole, kwa sauti ya chini. Uliposema kwamba nyapara ana sauti ya debe na moyo wa kuku anayelalia mayai, alicheka mpaka watu wakageuka. Nilipofika mwisho, kwenye majina, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akavaa kofia. Kisha akasema, "Humo hamna uongo." Na tulipokuwa tunatoka: "Lakini mama yako anakohoa. Muulize aliyeandika. Akisema ukitoe, kitoe. Akisema kikae, nitabeba matofali."

Ndiyo sababu naandika. Lakini kuna jambo moja zaidi, na hili hata Baba sijamwambia.

Jana nilipofungua blogu, maoni yale mabaya hayakuwepo. Yote yamefutwa. Na humu ndani, upande huu wa yasiyochapishwa, nilikuta ukurasa mpya usio na kichwa wala neno, umehifadhiwa mtupu. Sikuuweka mimi. Nilikaa nikiutazama mpaka kijana akaniambia muda umeisha. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Halafu nikawaza: neno la siri tulikuwa nalo wawili, lakini nani ajuaye kama bado liko mikononi mwako, au mtu amelipata kwako, na amelipataje? Usiku mzima nilikuwa na dada wawili, mmoja aliyefungua ukurasa akakosa la kuandika, na mwingine ambaye sitaki kumfikiria.

Kama wewe unayesoma hapa si dada yangu, sina la kukuambia ambalo hulijui. Kwetu unakujua.

Lakini kama ni wewe, basi uko hai, na majirani wa pale kambini wataona aibu, na Mama ataacha kukuwekea sahani jioni kisha kuirudisha kabatini. Sikulaumu. Kama ningekuwa na jina langu peke yangu ningeliweka karibu na lako leo hii. Labda siku moja nitaliweka. Kitambaa cha Mama ukiwa nacho bado, kitunze, baridi imeanza.

Andika neno moja tu kwenye ukurasa ule mtupu: toa, au acha. Nami nitafanya, na Baba amekubali. Ila kabla sijaligusa jina lake lazima nijue ni wewe, na liko jambo moja ambalo hakuna mwingine awezaye kulijibu. Mbali na wewe, analijua Baba tu. Nimemwomba aniambie, amekataa; anasema wewe unajua.

Pale kwenye lori, dada, Baba alikuambia nini?

Mdogo wako