Mikono Yangu, Wimbo wa Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka hadi kope. Leo mikono yangu imekuwa staa wa sinema. Mimi mwenyewe bado! Kamera inachukua vidole tu, kisha inapanda kwenye uso wa Mwigizaji, anayecheza mjomba wangu enzi za ujana na bendi yake ya roki. Mwigizaji ana sura, hilo simnyimi. Ila gita analishika kama mtoto aliyejikojolea.

Basi mimi najikunja nyuma yake, mikono naipitisha kwapani mwake, shati pana linatufunika. Lile kwapa sasa nalijua kuliko mkewe. Rudia! Rudia! Mwongozaji hajui neno lingine. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili ili nisirudie darasa – leo nimerudia kutwa nzima.

Jumanne, 4 Juni

Mjomba amekuja kutazama. Tangu kiharusi kimpige anatembea ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake. Wakampa kiti cha kukunja.

Tukio lilikuwa la kutunga wimbo. Mwongozaji kaweka mshumaa, mvua ya mpira wa bustani dirishani, spika kubwa kama friji. Mjomba akacheka hadi akakohoa. Spika gani? Spika zilikwenda na bendi ilipovunjika! Alikuwa anatungia gita la umeme bila umeme. Kichwa cha gita anakibana kwenye mlango wa kabati la nguo, mbao zinavuma, kabati ndilo spika.

Mwongozaji akasema kabati halina huzuni.

“Basi wewe hujaachwa na mke,” Mjomba akamwambia. “Siku ukilifungua ukute henga tupu, uje uniambie.”

Mshumaa ukazimwa. Kesho wanaleta kabati.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Wimbo wa mwisho wa Mjomba hauna mwisho. Alikuwa katikati yake kiharusi kilipomkuta, umekatikia kiitikio cha pili. Na sinema inafungwa kwa wimbo huo. Mwongozaji kasema usipopatikana kabla ya Jumanne, atamwita yule mtunzi wa matangazo ya sabuni aumalizie.

Nyumbani Mjomba akasukuma sahani. “Waache. Mkono umekufa, na wimbo ufe.”

“Kaka, maneno hayo usiyaseme mezani kwangu,” Mama akasema.

Mimi na domo langu: “Mjomba, huo naumaliza huku napiga miayo.”

Akanitazama. “Wewe ni mikono, mjomba. Kichwa kipumzishe.”

Imeniuma. Sana.

Ijumaa, 7 Juni

Kutunga si mchezo. Kila ninachopata ni cha mtu mwingine. Kimoja nilikishangilia kabisa – kumbe tangazo la dawa ya mbu! Vidole vimechubuka. Nalala na nguo.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kazi leo. Mjomba kalala baada ya chakula cha mchana, chumba cha pili. Nikachukua gita, nikalibana kwenye kabati langu kama alivyosema, sauti ya chini, nisimwamshe.

Muda mrefu, patupu. Nilikuwa najaribu kuupandisha wimbo, uishie juu, kwa kishindo. Mwisho nikachoka kupanda. Nikauacha ushuke. Ukashuka, ukashuka tena, ukakaa chini kama mtu aliyefika kwake. Basi! Ndio wenyewe! Nikapiga tena, na tena. Nywele zilinisimama. Mimi! Wa kidato cha pili!

Nikakimbilia jikoni kumwambia Mama. Sijafungua mdomo, mlango wa Mjomba huo. Kajifunga shuka, macho mekundu, anavuma mdomoni. Ule mwisho wangu wa wimbo!

“Umenijia usingizini, dada! Umekuja wenyewe!” Akamshika Mama kwa ule mkono mzima, akamzungusha katikati ya masufuria.

Ndipo nikaelewa. Mgongo wa kabati langu umegusa ukuta. Upande wa pili wa ukuta ni mto wake. Nilikuwa nammiminia sikioni, mimi mwenyewe, huku najisifu kwamba simwamshi!

Mama akanitazama juu ya bega la kaka yake. Alinisikia mchana kutwa. Akamwacha aendelee kumzungusha. Nami domo hili, linalojitapa hata likiwa limelala, likagoma.

Jumatatu, 10 Juni

Mjomba kanyoa ndevu. Kala, kaomba aongezewe. Kampigia simu mpiga ngoma wake wa zamani, hawajasemeshana tangu bendi ivunjike. “Nimeumaliza, bwana wee!” Wakacheka hadi nikasikia wanalia.

Nikamfuata Mama kwenye beseni la vyombo. Akasema bila kugeuka: “Ukitaka kusema, kaseme. Ila mimi nisiwepo.”

Na mimi je? Kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na sina wa kumringia! Nimechoka kuliko siku za kujikunja.

Jumanne, 11 Juni

Mapumziko. Nimekaa juu ya sanduku la nyaya. Asubuhi tumepiga wimbo wa mwisho. Kwapani nikaingia, nikafumba macho, nikaupiga wote. Hakuna aliyesema rudia. Mwongozaji anafuta macho, Mwigizaji anapokea pongezi – zake, eti!

Mjomba akaja polepole. Hakumshika Mwigizaji, kanishika mimi mkono.

“Pale mwishoni kabisa. Unashuka, halafu unashuka tena.”

“Ndiyo, mjomba. Kama ulivyovuma.”

“Mimi nilivuma mshuko mmoja. Hapo ndipo nilipoamka.” Akavigeuza vidole vyangu, akatazama michubuko. “Huo wa pili umeutoa wapi?”

Nikasema mkono umeteleza. Mimi, mkono uteleze! Akatikisa kichwa polepole, akarudi kitini.

Sasa yuko pale. Midomo inacheza. Anavuma, anashuka mara moja, anasita. Anaanza upya. Mama kaleta chai, ananitazama mimi, anamtazama yeye. Mwongozaji anapiga makofi, kila mtu mahali pake.

Mjomba ananyanyuka. Haendi kwa Mwongozaji. Anakuja huku, kaburuta kile kiti, anakifungua mbele yangu.

“Weka hiyo kalamu, mjomba,” anasema. “Nipigie tena.”