Makala Isiyo na Jina

Ofisi ya Jarida,
Machakos,
Agosti 2003

Kwa ndugu yangu Kimanzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Mutheu, na natumaini zitakukuta na afya njema huko Ulaya uliko. Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, lakini bado anatembea mwenyewe hadi soko la Masii, na ukijaribu kumbebea kiondo anakuuliza kama umemwona amelala kitandani. Mbaazi mwaka huu zimekubali. Nimeanza na haya kwa sababu baada ya miaka saba ya kimya sijui mtu huanzia wapi, na nimekukumbuka hadi nimechoka kukukumbuka.

Habari za kazi yangu hukuzipata. Niliacha kufundisha, na sasa ni mhariri msaidizi wa lile jarida la isimu ulilokuwa ukilisoma ulipokuwa mwanafunzi, lile la Mwalimu Wathome. Ofisi ni ile ile, juu ya duka la misumari na mabati, na tukihariri tunasikia mabati yakikatwa chini. Ila Mwalimu alistaafu mwaka jana akarudi kwao Kithyoko kufuga mbuzi, na kiti chake kimekaliwa na Daktari Ndila Maundu. Ni mwanamke wa rika langu, mkali wa macho, na chai yake anainywa ikiwa imepoa kwa sababu ya kazi.

Unaikumbuka desturi ya Mwalimu. Makala ya lugha yoyote haikuchapwa mpaka mifano yake, yaani zile sentensi anazotoa mwandishi kuonyesha lugha inavyotumika, isomwe kwa sauti mbele ya wenye lugha. Kama ni Kikamba, tulikwenda sokoni Masii tukaketi na akina mama wauza kunde. Wakisema hivyo ndivyo tunavyosema, tunachapa. Wakicheka, mwandishi anarudishiwa kazi yake. Na msikilizaji akiwa na sentensi yake ya kuongezea, Mwalimu aliichapa chini ya makala, maana alishikilia kwamba mwenye lugha ndiye anayefunga mazungumzo.

Daktari Ndila ameyafuta hayo yote. Alituambia kwamba huko nje jarida letu linachekwa, kwamba linaendeshwa kama kikao cha ukoo. Sasa makala huja kwa barua pepe, na yeye peke yake ndiye anayejua zimetoka kwa nani. Anafuta jina, anaweka nambari, kisha wasomaji wawili wanaipima bila kumjua mwandishi. Msomaji akimtambua mwandishi, lazima aseme na kuiachia makala. Na makala haitoki ofisini. Nilinuna wiki nzima, unanijua. Lakini haki ni haki. Enzi za Mwalimu marafiki zake walichapwa upesi, na msichana mmoja wa Tharaka alingoja hadi akaolewa na kuzaa, makala yake ikiwa chini ya kopo la majani ya chai. Ndila aliichapa katika toleo lake la kwanza. Hapo nikafunga mdomo.

Mwezi wa sita alinipa niipime makala nambari kumi na nne. Ilihusu jinsi Wakamba wanavyokana jambo. Nilianza kuisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, tayari kwa vita. Mfano wa tatu ulisema maksai wa Baba hakuwa na pembe ya kushoto. Wa kumi ulisema Mama hafuniki chungu cha muthokoi kwa sahani, anakifunika kwa sinia la buluu. Nikajiambia kwamba Ukambani maksai waliovunjika pembe ni wengi, na masinia ya buluu yaliuzwa kila duka. Kisha nikafika mfano wa ishirini na tatu, uliosema kwamba mwana hakufika kumzika baba yake. Nikaiweka kalamu chini.

Nilitaka sana uwe wewe. Nilizisoma zile sentensi taratibu, kwa sauti yako ile ya mtu asiye na haraka hata nyumba ikiungua, na Daktari Ndila akanitazama kutoka mezani kwake. Jumamosi nikaitia makala kiondoni, nikavunja sheria, nikaenda nyumbani. Nilimkuta Mama jikoni akichambua mbaazi, nikamsomea bila kumwambia imetoka wapi, kama Mwalimu alivyotufundisha. Kwa maksai alicheka, akasema pembe iliyovunjika ni ya kulia, na aliyeandika hivyo hakuwahi kushika jembe bila kusukumwa. Kwa sinia aliacha kuchambua. Kwa ule wa ishirini na tatu aliniuliza kama huko aliko anakula vizuri.

Kimanzi, jambo moja ulijue. Ulipopiga ile simu ya duka la kijijini siku ya matanga ya Baba, kueleza kwamba karatasi zako za kuishi huko zilikuwa hazijatoka, aliyeipokea ni baba mdogo Mutiso. Alikuambia kwamba mwana asiyemtia baba yake udongo hana boma la kurudi. Wewe ukadhani ni neno la nyumba nzima. Hatukujua hata kwamba ulipiga. Mutiso alituambia mwaka jana alipougua akaogopa kufa, na tulipokuandikia kwa anwani yako ya zamani, barua ilirudi.

Jumatatu nilimwendea Daktari Ndila nikamweleza kila kitu. Kwa kuitoa makala ofisini ameniandikia onyo, na sikubishana. Kwa kuwa nimeiachia, atatafuta msomaji mwingine, na huenda isiwahi toleo la Desemba. Unisamehe. Ningeweza kunyamaza, niisifu, ichapwe. Lakini ningebaki na sentensi zako na kukukosa wewe.

Nilimwomba anwani, akakataa. Alisema hawezi kuniambia hata kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke, Mkamba au Mzungu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Akasema nikimletea bahasha isiyo na jina, ataandika anwani mwenyewe nikishaondoka, kwa kuwa katika sheria zake zote hakuna inayomkataza mhariri kwenda posta.

Basi hili ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua. Sijui kama wewe ni wewe. Nje ya bahasha hii hakuna jina, kuna nambari kumi na nne tu kwa penseli. Kama imemfikia mtu mwingine, mwenye baba mwingine na maksai mwingine, namwomba radhi kwa kumlilia bila kumjua. Lakini nikiandika namwona kaka yangu akisoma, amesimama, hajavua hata koti.

Mama naye alitoa sentensi yake. Nilimweleza kwamba siku hizi hatuchapi tena maneno ya wasikilizaji, akanijibu kwamba hakuuliza kama itachapwa. Unaikumbuka nyumba yako ya ujana, ile ya mlango wa bati? Mutiso ameomba mara nyingi afungie mbuzi humo, na Mama anakataa bila kutoa sababu. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Wanangu Jeff na Mbinya wanakusalimu, wanakujua kwa picha. Daktari Ndila hajui kama anaruhusiwa kukusalimu. Mimi nakusalimu kwa niaba ya wote, na nitapanda ngazi hizi kila asubuhi nikitazama kwanza sanduku la barua.

Ni mimi dada yako,
Mutheu

Chini ya mfano wa ishirini na tatu, Mama anasema: Nyumba yake bado naifagia.