Paa Letu Halivuji

Jumanne, 5 Novemba

Makao ya wazee wamepiga simu. Chumba cha Yasuji kimepatikana! Aliyekuwamo alifariki juzi, nami nikafurahi – aibu gani hii. Amana ilipwe kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo kinakwenda kwa anayefuata. Tumengoja miaka miwili.

Fedha zipo benki, ila kwa jina la mume wangu Yasuji. Lazima aende mwenyewe, aseme kwa kinywa chake ni za nini. Na mwezi uliopita nilipotaja tu hayo makao, Yasuji alijifungia chooni akalia. Mzee wa miaka sabini na tisa! Mama Kanae, usinitupe, alisema.

Jumatano, 6 Novemba

Binti yetu Kanae kapiga simu kutoka Osaka. Mwambie baba ukweli, anasema. Njoo umwambie wewe, nikamjibu. Yuko bize kazini. Haya.

Basi nimesema uongo. Nimemwambia Yasuji paa linavuja, tukatoe pesa za mafundi kabla theluji haijaanguka. Kasimama wima! "Mbona hukusema mapema, wewe mwanamke?" Alikuwa fundi wa reli miaka thelathini na minane, mpe kitu kibovu cha kutengeneza, anakuwa mtu tena.

Siku hizi anasahau kila kitu, basi tumefanya mazoezi ya kujibu benki mpaka supu ya miso ikakauka jikoni. Jina lako? Umezaliwa lini? Pesa za nini? Za paa.

Ijumaa, 8 Novemba

Imewezekana. Sina raha hata chembe.

Alivaa tai. Jina alisema, tarehe akasema, paa akasema. Lakini yule binti wa benki hakuridhika. Mpole, anatimiza wajibu wake. Mzee, akasema, matapeli wamezidi, hasa hao wanaojifanya mafundi wa mapaa. Kuna mtu aliyekupigia simu? Kuna mtu anakudanganya?

Yasuji akacheka. "Nani anidanganye, binti yangu? Si niko na mke wangu hapa?"

Binti akatabasamu, akagonga muhuri. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Saa tisa nikawa nimekwisha lipa amana. Njiani akanunua viazi vitamu vya kuchoma, akanimenyea kimoja kama zamani. Nilikificha mfukoni.

Jumapili, 10 Novemba

Amefagia uwanja. Vyungu vya maua kavisogeza ukutani, mafundi wasije wakavikanyaga. Kila mara: wanakuja lini? Jumanne, Baba. Jumanne.

Nimeshona jina lake kwenye soksi, fulana, suruali – ndivyo makao wanavyotaka. Akauliza nafanya nini. Natia viraka, nikasema. Mwongo nimekubuhu.

Miaka hamsini na mmoja chumba kimoja. Hata siku hizi asiponijua, yupo, anakohoa, ananipigia kelele. Nikiona mvua inanyesha nitamwambia nani "mvua hiyo"? Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia kwamba naogopa.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika jikoni, nimesimama. Wamekuja watu wa makao kumchukua. Dereva na mama mmoja muuguzi, wote jaketi za bluu. Yasuji kainama mara tatu mlangoni. Karibuni mafundi, poleni na baridi! Dereva akanitazama. Nikatikisa kichwa, hata mimi sijui kwa maana gani.

Wako sebuleni wanakunywa chai. Yasuji anawaeleza ngazi ilipo. Muuguzi kaelewa upesi, anajua kazi yake. "Mzee," anamwambia, "panda gari twende wote, ukatuchagulie vigae."

Halafu sauti ya Yasuji:

"Mama Kanae! Niende?"

Naendelea kuandika.

"Nikienda, maji yakiingia utabaki na nani hapa?"

Wananingoja mimi. Nimefungua bomba, wadhani naosha vikombe. Anaita tena –